Firigisi ya Rubani

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, siku zile mashamba ya pamba yakinyunyiziwa dawa kwa ndege, kulikuwa na mama mmoja huko Usukumani akiitwa Ng'washi. Rubani wa ndege hiyo alikuwa Luhende, mwanawe wa kwanza. Kila alipomaliza kazi alizunguka juu ya nyumba ya mama yake, na mama akisikia ule mngurumo tu, anakamata kuku. Luhende akifika kwa baiskeli, chakula tayari, firigisi iko kwenye sahani yake. Nanyi mnajua, kuku ana firigisi moja, na huwekewa mtu wa heshima.

Luhende akaugua, akafa. Mama akaacha kupika, kisha akaacha kula. Wakambembeleza kwa uji, hataki. Wakambembeleza kwa maziwa, hataki. Akawa anatazama juu tu, na kila mtu aliona kwamba anakwisha.

Ndege ikauzwa kama chuma chakavu. Kabula, mjane wa Luhende, akaenda uwanjani, akalia mpaka wakampa injini. Akaiweka chumbani kwake, akawa anaipaka mafuta na kuizungusha kwa mkono isishike kutu. Watu wakasema mjane kaolewa na chuma. Akaendelea kupaka mafuta.

Shigela, rafiki wa marehemu, alikuwa fundi wa kuchomelea. Akamwambia, "Shemeji, huenda mama akisikia tena mngurumo ule atapika. Ndege siwezi. Pikipiki naweza." Akang'oa mabomba ya geti la karakana yake, akaunda pikipiki ndefu kama kitanda, injini ya ndege katikati.

Ikabaki kuiendesha. Injini ile ilizoea kupozwa na upepo wa pangaboi. Ukisimama nayo inachemka, inakufa. Wanaume wakaitazama, wakakumbuka wana shughuli nyumbani. Nkwabi, mdogo wake Luhende, akapanda. Alipofika kwa mama hakuweza kusimama, akazunguka nyumba, akazunguka, akazunguka, bomba la moshi likimuunguza mguu, wala hakuacha mpaka mlango ulipofunguka. Hapo injini ikazimika, na haikuwaka tena.

Mama akatazama juu. Kisha akatazama chini, akamwona Nkwabi. Akalia sana. Alipomaliza kulia akasema, "Nikamatieni kuku."

Akapika, akaketi nao watatu. "Mimi ni mzee, si mwehu," akasema. "Najua Luhende harudi. Lakini firigisi hii siwekei sahani tupu. Atakayeila leo, ndiye nitakayemwekea siku zote. Semeni."

Kabula akasema, "Mama, bila mimi injini ingekuwa masufuria sasa hivi. Na ndugu zangu wananiita nirudi kwetu. Wanauliza, mume hayupo, unabaki kwa nani? Nikiila hii, nitawajibu nabaki kwa mama yangu."

"Mwanamke na firigisi, umeona wapi?" Shigela akamtania.

"Na pikipiki ya injini ya ndege, wewe uliiona wapi?"

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Shigela akasema, "Bila mimi ingelala chumbani mpaka leo. Mama, mimi ni yatima, nimelelewa leo kwa mjomba, kesho kwa jirani. Kuku nimekula nyumba nyingi. Firigisi sijawahi kuwekewa."

Nkwabi akafuata. "Bila mimi usingeisikia," akasema. "Lakini si hilo. Nimezaliwa humu, Mama, nimekula shingo na mabawa miaka yote. Kaka sikumwonea wivu, nilimpenda. Ila leo, ulipotoka, ulitazama juu kwanza."

Mama akaishika firigisi. Kwao haikatwi, ikikatwa, hakuna aliyeheshimiwa. Mkono ukaenda kwa Kabula, ukaenda kwa Shigela, ukaenda kwa Nkwabi, ukarudi. "Nawapenda nyote," akasema, machozi yakimtoka.

Msiniambie achinje kuku wengine, nawajua! Mkono wa mama uko hewani na watoto watatu wanautazama. Je, nani alistahili?