Mbia Asiyefukuzika

Bwana Faki na Bi Mwanakombo wa Wete walikuwa wabia wa duka la halua. Faki alitoa sufuria kubwa siku ya kwanza, na kwa kazi hiyo nzito akapumzika miaka yote iliyofuata. Mwanakombo alipika. Duka liliposhamiri, Faki aligundua kwamba mbia ni gharama.

"Nipe siri ya halua," alimwambia asubuhi moja, halua ya harusi ikiwa motoni, "kisha ukapumzike kwako. Umechoka, dada yangu."

"Huruma yako itakuua, bwana," alijibu Mwanakombo, akamkabidhi mwiko. "Siri ni moja tu. Usiache kukoroga mpaka mjuzi aseme imeiva. Ukiacha, inaungua, na wenye harusi wako njiani."

"Mjuzi gani?"

"Mimi. Bahati mbaya umeshanifukuza."

Akavuka barabara, akaketi barazani kwa jirani, akaletewa kahawa.

Faki alikoroga. Jasho likamtiririka, mikono ikafa ganzi. Wenye harusi walipofika na mabakuli yao, walimkuta akiita kama muadhini.

"Rudi, Mwanakombo."

"Nirudi kama nani?"

"Kama mbia."

"Wa kufukuzwa tena kesho?"

"Asiyefukuzika. Hawa wote mashahidi. Na kukoroga tutapokezana."

Mwanakombo alimaliza kahawa yake bila haraka, akavuka barabara, akachungulia sufuriani.

"Ipua, mbia wangu," alisema. "Imeiva tangu uliponiita mara ya kwanza."