Kwa Nini Hatuitikii Mluzi

Nani kapiga mluzi? Wewe? Thubutu tena uone! Haya, sogeeni hapa, maana naona wazazi wenu hawajawaambia.

Zamani mababu zetu wa msituni waliitana kwa mluzi. Ukipata asali, ulipiga mluzi mmoja mrefu, na yeyote aliyeusikia alikuja kula. Silaha aliziacha huko huko alikotoka. Kuja na mshale kwenye asali ya mwenzio lilikuwa tusi.

Ndipo watu wa bondeni wakamwasi sultani na kukimbilia msituni kwetu. Askari wa sultani wakawafuata, wakapotea, wakafa kwa baridi na homa. Jemadari wao, Mwinshehe, akaona bila wenyeji hatoki. Akamtafuta Lesingo, mrina asali hodari kuliko wote. Wakachanjiana, wakala ini la mbuzi lililopakwa damu zao, wakawa ndugu.

"Nisaidie niwatoe hawa waasi, ndugu yangu," jemadari akamwambia, "na msitu utabaki wenu. Hakuna atakayewagusa."

Lesingo, masikini, akaamini. Alichotaka ni hicho tu, watu wake waachwe. Akamwonyesha njia na maji. Akamfundisha na mluzi, maana ndugu hafichwi asali.

Waasi nao walishaujua, kwa kukaribishwa na watu wetu. Asubuhi moja jemadari akawaficha askari vichakani, akapiga mluzi. Waasi wakaja mikono mitupu. Lakini watu wetu nao wakaja, na vibuyu vyao, na Parsalai, mdogo wake Lesingo, akiwa mbele. Askari wakawapiga risasi wote.

"Wale ni ndugu zako!" Lesingo akapiga kelele.

"Ningewatambuaje, ndugu yangu?" jemadari akasema. "Wote waliitika."

Vita vikaisha, askari wakashuka zao bondeni. Lesingo akarudi kambini, akakuta watu wamehama. Akatafuta asali, akaipata tele, akapiga mluzi. Kimya. Akapiga mpaka midomo ikamkauka. Aliyekuja ni ndege wa asali peke yake, yule anayetuongoza kwenye mizinga. Akamkatia sega, huku analia.

Na tangu siku hiyo mluzi wa asali ni wa kumwitia ndege. Sisi tukiusikia kwa binadamu tunanyamaza, hata kama ni mwenzetu kapotea. Wala msidhani siku ile watu wake hawakumsikia Lesingo. Walikuwa ng'ambo ya korongo, karibu tu, na mama yake amekaa katikati yao, kajiziba mdomo kwa mikono miwili.