Dume Anayebaki Zizini

Mama mmoja alikuwa akikamua ng'ombe, kibuyu kati ya magoti, shemeji yake alipokuja mbio.

"Shemeji, acha hayo! Mnunuzi amefika, anamtaka Doa."

Doa alikuwa dume lao. Hakuwa mrefu, lakini kiangazi kilipoangusha madume ya majirani, yeye alitafuna mabua makavu na nundu yake ikabaki imesimama. Ndama wake nao walikuwa wagumu vivyo hivyo.

Desturi ya pale ilikuwa moja: dume bora anakwenda mnadani, aliyekosa mnunuzi anabaki kupanda majike. Kila mwaka ndama wa majirani walizidi kudhoofu, na watu wakalilaumu jua.

Mama akamaliza kukamua, ndipo akatoka.

"Mama, huyu hana mwenzake tarafa nzima," mnunuzi akasema.

"Ndiyo maana hauzwi. Mchukue yule mwekundu."

"Yule mbavu nje? Wanicheke mnadani?"

"Wewe ungekaa naye siku mbili tu, na humtaki. Mimi nikae na watoto wake miaka kumi?"

"Na pesa za bati, shemeji?" shemeji yake akanong'ona. "Paa linavuja!"

"Tutakinga ndoo. Tumezoea."

Mnunuzi akaondoka mikono mitupu. Mwekundu akahasiwa wiki ileile. Miaka michache baadaye, majike waliozaliwa na Doa walipokuwa wamezaa, kiangazi kikali kikarudi, na boma lililokuwa na maziwa lilikuwa moja, la mama. Majirani wakaja na majike yao kwa Doa, na mama hakumfukuza hata mmoja.

Ndugu zangu, mnawacheka wale majirani waliouza madume yao bora? Ngojeni kwanza. Upole wetu tunaupeleka wapi? Si kazini? Si kwenye vikao vya harusi? Hapa kanisani tunasalimiana kwa tabasamu hadi magego yanaonekana. Tukifika nyumbani upole umekwisha, kilichobaki ni "Niondokee, nimechoka!" Na hicho kilichobaki ndicho kinacholea. Kesho mtoto anamfokea mdogo wake, nasi tunauliza, "Huyu kamrithi nani?"

Najua tunachoka. Mama yule naye alichoka, na paa lilimvujia kweli. Lakini alikataa kuwabakizia wa kwake makombo.

Basi leo jioni, ugali ukishapakuliwa, tuwahesabu wa kwetu: baba yupo, mama yupo, bibi yupo, watoto wote wapo. Kisha tuseme nao kwa ile sauti tunayomwekea mgeni.