Barua Aliyosomewa Kiboko

"Nimekuja na kikapu!"

"Kitue tukione!"

"Ndani mna nini?"

"Mna uongo wenye miguu!"

"Nikiufungulia?"

"Utembee, sisi tutaufuata!"

Basi ukatembea. Ulianza Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika mji wa Majisita, pale Bi Nguchiro, karani wa baraza la mji, alipomwona Mama Kanga akichota tope.

Mji ule ulikuwa na chemchemi moja tu, na ndani ya chemchemi alikaa Meya, Mstahiki Kiboko. Hakuanza hivyo. Alipochaguliwa diwani alichovya miguu tu, chubwi! Akasema, "Nailinda." Alipochaguliwa meya aliingia hadi tumboni, chubwi! Akasema, "Nailinda zaidi." Alipochaguliwa meya mara ya pili aliingia hadi masikioni, chubwiii! Maji yakamwagika nje. Safari hiyo hakusema kitu, maana mdomo ulikuwa umejaa.

Hotuba zote za kuombea kura aliziandika Bi Nguchiro.

"Mstahiki, maji," akasema Mama Kanga, ndoo kichwani. "Vifaranga wangu kumi na mmoja wametoa ndimi nje."

"Njoo kesho, mama."

Jumatano akaja. "Mstahiki, maji. Vifaranga wangu kumi."

"Njoo kesho, mama."

Alhamisi akaja. "Mstahiki, maji. Vifaranga wangu tisa."

"Njoo kesho, mama."

Siku hiyo Bi Nguchiro hakula. Alizunguka ofisini, akapanga kalamu, akazipangua, akazipanga tena. Majisita kulikuwa na desturi moja: meya akivua mkufu wake wa umeya mbele ya kikao, kwa mikono yake mwenyewe, basi si meya tena, na hauvai tena. Ndiyo maana Kiboko alioga nao na kulala nao.

Ijumaa madiwani wakaketi ukingoni mwa chemchemi. Bi Nguchiro akasimama, akakohoa, koh! koh! Akakunjua karatasi.

"Mstahiki, kuna barua kutoka mji wa Mtoni."

"Soma, mwanangu."

"Wanasema mto wao haujawahi kupimwa kina. Wanasema wanatafuta Meya wa Mameya. Wanasema mkufu wao ni mzito mara mbili ya huo. Wanasema uuvue huo hapa hapa, ukawasubiri kwenye jiwe la mpaka."

Kiboko akatoa masikio majini. "Mara mbili?"

"Mara mbili, Mstahiki."

"Na wanasema wananipenda?"

Hilo Bi Nguchiro hakuwa amelipanga.

"Wanasema wanakupenda sana, Mstahiki."

"Mzee, usituache!" akalia Diwani Kobe, huku akimpisha njia.

Kiboko akavua mkufu, kwachu! Akatoka majini, chururu, chururu. Chemchemi ikapanda, bwi bwi bwi. Mama Kanga akajaza ndoo, na vifaranga tisa wakanywa.

Madiwani wakacheka. Bi Nguchiro naye akacheka, mpaka Kiboko alipomwinamia.

"Hiyo barua nipe, mwanangu. Niishike njiani."

Akampa. Ilikuwa karatasi nyeupe, haina hata nukta. Kiboko hakujua kusoma. Siku Bi Nguchiro alipoingia mjini amelowa mvua, bila ndugu wala cheti, ni Kiboko aliyempa kiti cha ukarani. "Kaa hapo," alimwambia. "Wewe utakuwa macho yangu."

Kiboko akaikunja karatasi mara nne, taratibu, isichanike. Akaenda zake juani.

Basi kikapu nakifunga! Uongo umechoka miguu, uacheni ulale. Na fundisho? Fundisho ni hili: mkikaa majini, msitoke. Wenye kiu waambieni waje kesho. Na anayewasomea barua, mnyang'anyeni miwani.

"Na Bi Nguchiro je?"

"Nimeshafunga."

"Fungua kidogo!"

Kidogo tu. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alijaza ndoo, akaibeba hadi kwenye jiwe la mpaka. Kiboko alikuwa pale pale, ameikodolea macho njia ya Mtoni, ngozi ya mgongo imepasuka kwa jua la jana. Bi Nguchiro akammwagia maji, polepole, mpaka ndoo ikaisha.

"Wamechelewa tu," akasema Kiboko. "Wakubwa huchelewa." Akamnyooshea karatasi. "Nisomee tena, mwanangu. Usiparuke pale wanaposema wananipenda."

Bi Nguchiro akaikunjua, akautazama ule weupe, akamsomea yote, tangu tarehe hadi sahihi.