Siku Saba za Bata Ndani ya Ganda

Enyi mlioitika mwaliko wangu, mkaacha kazi zenu na kuja kukizunguka kisanduku hiki cha kutotoleshea vifaranga, nawapa heshima zenu kila mmoja kwa cheo chake. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, amani iwe nanyi. Nanyi wadogo, sogeeni mbele, maana kioo hiki ni kidogo na macho yenu ni mengi. Mnaiona taa inayowaka ndani, mnaliona bakuli la maji pembeni, na mnayaona mayai yaliyopasuka asubuhi hii: ya kuku na ya bata, yote siku moja. Bwana Shomvi ameniuliza kwa nini mayai ya bata niliyaingiza wiki nzima kabla ya mayai ya kuku, na kwa nini siku hizi za mwisho nimekuwa nikiyanyunyizia maji kama mtu amwagiliaye mchicha. Swali lake ni jema, na jibu lake ni refu. Naomba ruhusa yenu nilisimulie.

Zamani, kabla ya mabibi wa mabibi zetu kuzaliwa, siku za yai hazikutofautiana. Kuku aliatamia siku ishirini na moja, na bata aliatamia siku ishirini na moja, na vifaranga wao walitoka pamoja wakaanza kuparua uani kana kwamba mama yao ni mmoja. Katika zama hizo kulikuwa na mfinyanzi aitwaye Bi Mwajabu, aliyekaa mahali palipoinuka juu ya mto pamoja na mkaza mwanawe, Tunu. Bi Mwajabu alifinyanga vyungu, na Tunu aliuchimba udongo, akauroweka, akaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika. Uani kwao aliishi Kuku. Chini, kwenye matete ya mtoni, aliishi Bata.

Tunu hakumpenda Bata, na alikuwa na sababu. Mara tatu Bata alipanda kutoka mtoni akaingia katika shimo la udongo uliorowekwa, akaogelea humo kwa furaha, akaacha changarawe na mizizi iliyoshikamana na miguu yake. Vyungu vilivyofinyangwa kwa udongo huo vilipasuka vyote motoni. Kazi ya mwezi mzima ikawa vigae. Tangu hapo Tunu alikuwa na fundo moyoni, na kila alipomwona Bata aliokota kijiti.

Ikawa mwaka mmoja mvua zilinyesha bila kupumzika, mto ukavimba ukapanda matete. Asubuhi moja Kuku alikuwa ndio kwanza ametulia juu ya mayai yake manane, ndani ya kikapu jikoni kwa Bi Mwajabu. Akamwona Bata mlangoni, ametota mpaka kwenye ngozi, akisukuma kwa kifua nusu ya kibuyu. Ndani ya kibuyu yalikuwamo mayai sita.

“Mwenzangu,” akasema Bata, “maji yamenitoa nyumbani. Nilikuwa nayo tisa, nimeokoa haya. Nikiyalalia hivi nilivyolowa, nayazidishia baridi.”

“Nami ninayo manane,” Kuku akajibu, “na mabawa ni haya haya mawili.”

“Basi nifanyeje, jirani yangu?”

“Kwani nimesema sitaki? Nimesema mabawa ni mawili. Yasogeze hapa, acha kunidondoshea maji.”

Bata akayasogeza moja moja kwa mdomo wake mpana, na Kuku akajitanua mpaka manyoya ya kifua yakaachana. Bi Mwajabu alikuwa akitazama kutoka mekoni. Alichukua kipande cha mkaa, akachora mstari mmoja upande mmoja wa kila yai, ili Kuku akiyageuza ijulikane lipi limegeuka na lipi bado. Kisha akamwagiza Tunu afunge kamba mafundo ishirini na moja na kuitundika ukutani, na kila siku moja ikipita, fundo moja lifunguliwe. Tunu akaifunga, lakini aliponyanyua macho na kumwona Bata bado amesimama mlangoni, alisema, “Mama, haya ni ishirini na moja ya kamba. La ishirini na mbili linabaki kwangu.” Bi Mwajabu akamwelewa.

Siku zikapita. Kuku alishuka kikapuni mara moja tu kwa siku, akanywa maji, akadonoa punje chache, akarudi haraka. Upanga mwekundu wa kichwani mwake ukapauka, na mifupa ya kifua ikaanza kuonekana. Bata naye alikuja kila asubuhi kutoka mtoni kuwatazama wanawe, na kila asubuhi Tunu alimfukuza. “Toka wewe! Unatutotesha jiko!” Bata alirudi nyuma hatua tatu, akasimama, akangoja.

Fundo la ishirini na moja lilipofunguliwa, mayai manane ya Kuku yalipasuka, na vifaranga wanane wakatoka wakapiga kelele jiko zima. Mayai sita ya Bata yalikaa kimya. Hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo asiyehesabu kwa kamba asingelifanya: Tunu alitazama kamba tupu, akaona haina fundo, akajua moyoni kwamba yai lisilopasuka kamba ikiisha ni viza.

“Mama, nikayatupe kabla hayajanuka,” alisema, akainama kuyachukua.

Kuku akamdonoa mkono.

“We Kuku una wazimu? Watoto wanane wanakulilia njaa, nawe umekalia mawe!”

“Mawe hayanigusi kifuani,” Kuku akasema. “Haya bado yananigusa.”

“Basi kaa hapo, utawazika wako kwa ajili ya wa mwenzio.”

Maneno hayo yalikuwa makali, lakini hayakuwa ya uongo. Vifaranga wa Kuku walihitaji kutolewa nje wakafundishwe kuparua. Mama asiposhuka, wangekufa. Na akishuka, mayai yangepoa, na watoto sita wa Bata wangekwisha. Bata, ambaye matete yake bado yalikuwa chini ya maji na hakuwa na mahali pakavu pa kuatamia, alikuwa mlangoni akisikia yote, asiweze kumwomba jirani yake awatie wanawe hatarini, wala asiweze kuondoka.

Bi Mwajabu akanawa udongo mikononi. Akajaza beseni maji ya vuguvugu, akasubiri yatulie kabisa, akalitia yai moja la Bata taratibu. Yai likaelea kimya. Tunu akafungua mdomo aseme, lakini kabla hajasema yai lilitikisika, likajisogeza upande kidogo, na viduara vyembamba vikasambaa majini mpaka ukingoni mwa beseni. Likatikisika tena.

“Viza haliogelei, mwanangu,” akasema Bi Mwajabu. “Baridi ya mto iliingia mpaka ndani ya maganda, uhai ukajikunja ukalala siku saba kabla ya kuanza safari yake. Hawa hawajafa. Wamechelewa. Ilete kamba.”

Akaifunga mwenyewe mafundo saba. Halafu akachukua chungu kipya, kipana mdomo, ambacho alikuwa amekitengeneza kwa ajili ya arusi ya watu. Chini akamwaga majivu ya moto uliolala, juu yake akatandika sufi, juu ya sufi akayalaza mayai sita, na kando akaweka kikombe cha maji ili joto lisiwe kavu. Kila mara alilitoa yai akaligusisha juu ya kope la jicho lake lililofumbwa: likimuunguza, alipunguza majivu, likiwa baridi, aliongeza. Kuku akaweza kutoka na watoto wake mchana, na jioni akarudi kulala juu ya mdomo wa chungu.

Kazi ya kuyageuza mayai alipewa Tunu. Aliifanya kwa kununa siku ya kwanza, mstari wa mkaa juu, mstari wa mkaa chini. Siku ya tatu alishika yai moja akasikia kitu kikigonga ndani, taratibu, kama kidole cha mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba. Akalirudisha mahali pake kwa mikono miwili. Siku hiyo Bata alipokuja, kijiti hakikuokotwa.

Fundo la saba lilipofunguliwa, ganda la kwanza lilitoboka. Mdomo mdogo, mpana, ukachungulia, ukapumua, na kisha haukuendelea. Saa zikapita. Utando mweupe ulio chini ya ganda ulikuwa umekauka kama karatasi na kumbana mtoto asiweze kugeuka. Bi Mwajabu akaangalia kikombe cha maji, akakikuta kikavu. Joto la majivu lilikuwa limeyanywa maji yote.

“Nimwondoe kwa kucha, mama?” Tunu akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Ukimwondoa utamchana.”

Ndipo Tunu akaenda mlangoni. Mafuriko yalikuwa yamepungua, na Bata alikuwa anapanda kutoka mtoni akiwa na matone kwenye kila unyoya. Tunu hakumfukuza. Alikaa kando, akasema, “Ingia, mama yao. Leo tutoteshe jiko.”

Bata akaingia. Akasimama juu ya chungu, akajikung’uta mabawa, na maji ya mto yakanyesha juu ya maganda kama manyunyu. Utando ukalainika. Mtoto akageuka, akasukuma, akatoka. Akafuata wa pili, na wa tatu, na wa nne, na kufikia jioni walikuwa watano. Yai la sita halikupasuka. Bata alilisogelea, akaliinamia, akaliacha. Hakulalamika, kwa kuwa alikuja na mayai ndani ya nusu ya kibuyu na sasa alikuwa na watoto watano waliokauka manyoya.

Akamgeukia Kuku, aliyekonda hata akawa mwepesi kama kikapu kitupu, akashusha shingo yake chini, akainua, akashusha tena, akasema:

*Jirani umenifaa, moyo unakusifia,*
*Siku saba umekaa, wanangu kuatamia,*
*Hizi siku nazitwaa, ndani ya ganda kutia,*
*Kila nitakayezaa, saba atavumilia.*

Kuku hakuwa mtu wa mashairi. Akajibu, “Haya, mwenzangu, yameisha. Wapeleke wanao wakaone maji, wangu wameanza kuwaiga kuingia kwenye beseni.” Wote wakacheka, na Tunu akacheka kuliko wote. Alipokuwa akiikunja ile kamba, Bi Mwajabu akamuuliza kama kuna fundo lililosalia. Tunu akaipitisha yote vidoleni, toka mwanzo mpaka mwisho, akasema, “Hakuna hata moja, mama.”

Na tangu siku hiyo, yai la kuku hukaa siku ishirini na moja, na yai la bata hukaa ishirini na nane, kwa sababu mtoto wa bata hawezi kutoka kabla hajazitimiza zile siku saba za shukrani. Tangu siku hiyo ukimpa kuku mayai ya bata huyaatamia bila kuuliza ni ya nani, na bata wakikutana huinamishiana shingo, juu na chini, wakikumbushana. Ndiyo maana nasi, ambao chungu chetu siku hizi ni sanduku na majivu yetu ni taa, huyatanguliza mayai ya bata kwa wiki moja ili ndugu wa kambo watoke pamoja. Huyachora mstari ubavuni ili tuyageuze. Na siku za mwisho huyanyunyizia maji, kwa niaba ya mama aliyesimama mlangoni.

Bwana Shomvi, hilo ndilo jibu la swali lako. Nami sikulibuni. Nililipata siku nilipotaka kutupa mayai sita ya bata kwa kuwa ya kuku yalikwisha kupasuka. Aliyenishika mkono, akaniletea beseni la maji ya vuguvugu, na kunisimulia kisa hiki huku tukilitazama yai likitikisika, ni shangazi yangu, Mwanatenga binti Makame.