Kiponda na Vitanda vya Shanzu

Kiponda alikuwa amekaa miezi saba bila kazi, na wanawe watatu walikuwa wakila kwa shemeji yake Nzai. Mkewe alikuwa amekufa. Uashi ulikuwa umemkaukia pale Utange, hata karai lake likageuka kiota cha kuku.

"Shemeji, nakupa miezi miwili," Nzai alimwambia waziwazi. "Ikiisha hujapata kazi, watoto nawapeleka kwa bibi yao Ganze. Mimi sina ghala."

Frere Town palikuwa na kikundi kilichowafunza wazazi wasio na kazi usafi wa vyumba vya hoteli, kisha kuwatafutia nafasi. Kiponda akaenda. Alikuta wanawake tisa na mwalimu wao Khairiya, aliyetandika vitanda vya wageni miaka ishirini. Huku nyuma, rafiki yake Kenga aliangua kicheko barazani: "Jamani, bi arusi wetu kaenda kutandika!"

Kiponda alitia pamba masikioni. Shuka alizimudu upesi, zikanyooka kama ukuta uliopigwa timazi. Lakini chini ya kitanda alisukuma kitambaa kwa mpini wa fagio, mwenyewe kasimama wima kama boriti ya mkoko.

"Baba Kai, piga magoti," Khairiya alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Mwalimu, mimi hupiga magoti kanisani tu."

"Basi kaombe huko chini. Inshallah utasikiwa."

Wanawake wakacheka. Kiponda hakuinama.

Wiki ya saba walipelekwa kujaribiwa kwenye hoteli moja ya Shanzu. Msimamizi hakuzitazama shuka za Kiponda hata kidogo. Alipeleka mkono chini ya kitanda, akautoa na vumbi na nywele za mgeni.

"Wewe, nenda nyumbani."

Jioni hiyo Kiponda alimkuta Nzai akitia nguo za watoto kwenye gunia. "Zimebaki siku tisa," Nzai alisema bila kuinua macho, "lakini mimi hujitayarisha mapema."

Kulipopambazuka Kiponda alikuwa mlangoni pa Khairiya. "Mwalimu, nifunze kupiga magoti."

Siku nane alitambaa sakafuni, akalala kifudifudi, akafuta mpaka paji la uso likagusa ukuta. Siku ya tisa Khairiya akamwombea jaribio jingine. Msimamizi alipeleka mkono kule kule, akautoa, akaugeuza huku na huku. Ulikuwa safi.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."

Watoto hawakwenda Ganze. Kazi hiyo ilimgharimu Kiponda ngozi ya magoti yote mawili, vicheko vya wiki nane, na rafiki mmoja, Kenga, ambaye hadi leo haitikii salamu ya mwanamume anayetandika vitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.