Ombi Lililomfunga Mghanga

Sebuleni walikuwepo watu watano: Mwambingu, mwenye nyumba; mkewe Wakesho; mwana wao Mghanga; Mwadilo, mdogo wake Mwambingu; na Mkawasi, binti wa Mwadilo. Watoto hao wawili walikuwa wakiomba nafasi katika vyuo vya ng'ambo.

Mkawasi ndiye aliyeeleza. Maombi ya mapema ni ya namna mbili. Moja linakufunga: chuo kikikukubali Desemba, umekuwa mwanafunzi wao, na kwingine kote unajiondoa. La pili halikufungi: unakubaliwa mapema, lakini unaruhusiwa kungoja majibu ya vyuo vingine ndipo uchague.

"Mimi natuma linalofunga," alisema. "Chuo hiki nakitaka tangu kidato cha pili."

"Mimi lisilofunga," alisema Mghanga. "Nataka udaktari wa mifugo, na chuo kinachoufundisha hakijibu mpaka Machi."

Sasa, wapendwa, kanisa lao lilikuwa na desturi. Kabla ya Krismasi, mwanafunzi mwenye uhakika wa chuo alisimama mbele pamoja na wazazi wake, akaombewa. Aliyekuwa bado anachagua alibaki kwenye benchi.

Wageni walipotoka, Mwambingu alimgeukia mwanawe. "Kwa hiyo Mwadilo asimame, na mimi kaka yake nikae nipige makofi?"

"Baba, chuo cha Mkawasi hakifundishi mifugo."

"Mifugo! Mbuzi wa hapa umekwisha kuwatibu wote?"

"Baba Mghanga," alisema Wakesho, "hii ni shule ya mtoto, si mbio za magunia."

"Tangu utotoni mimi ndiye mkubwa, na yeye ndiye anayesifiwa! Safari hii hapana."

Mghanga akatuma linalofunga, kwa chuo kile kile cha Mkawasi. Akakubaliwa, akajiondoa kwingine.

Jumapili ya kuombewa wanafunzi, Mwambingu alisimama na tai mpya, akageuka kumtazama ndugu yake, apate kumwona ameumia. Mwadilo alikuwa akimpigia Mghanga makofi kuliko mtu yeyote kanisani.

"Kaka," alinong'ona, "sasa watatunzana huko."

Mghanga alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndugu zangu, ombi lile lilikuwa na kosa gani? Halikuwa na kosa. Lilimfaa Mkawasi, kwa sababu alikipenda kile kilichomfunga. Sisi je? Ni mara ngapi tumefunga uchumba, tumenunua shamba, tumempeleka mtoto shule fulani, huku macho yetu yako kwa ndugu au jirani? Tunashindana na mtu ambaye hata hajui kwamba kuna mashindano, na anayefungwa ni mtoto. Leo ukirudi nyumbani, litaje jina la huyo unayemwonea wivu, kisha ujiulize: kama asingekuwepo wa kuniona, ningechagua hivi?

Mwadilo alifariki Julai iliyofuata, kabla ya watoto kusafiri; wa kushindana naye hakuwepo tena, na Mghanga alikuwa bado amefungwa.